Una Nani Huko?

Binoi aliandika herufi tatu, kompyuta ikamletea Surat.
Siyo Surat, nikamwambia. Suriname.
Akaandika tena, taratibu, kama mtu anayepapasa swichi gizani,
kisha akanitazama juu ya miwani:
Mama, huko kuna watu?

Wapo, Binoi. Hawafiki nusu ya Maskati, lakini wapo.
Ndege tatu: Doha, Amsterdam, halafu bahari nzima usiku,
au mchana, sijui, saa zao zinarudi nyuma
na mimi hesabu za kurudi nyuma zimenishinda tangu zamani.

Dada yangu Thuwaiba, kutoka Mabela, kwa simu,
AC yake inakoroma nyuma ya maneno:
Una nani huko?
Sina mtu.
Kuna msiba?
Hakuna.
Basi unakwendea nini?

Miaka arubaini napanda ndege, na sijasafiri.
Nimepeleka.
Dawa za presha za Mama Mkubwa, Kikwajuni,
bahasha ya mahari iliyoshonwa ndani ya sidiria,
sanda iliyochovywa zamzam, mwenyewe bado yu hai, anaisubiri kwa hamu,
viatu namba arubaini na tatu vya kijana nisiyemjua sura.
Nikarudi na papa mkavu,
harufu ikinitangulia hadi kwa afisa wa forodha.
Begi langu lilikuwa posta. Mimi nilikuwa stempu.

Zahanati, muuguzi wa Kibulushi aliuliza umri.
Sitini na mbili. Akasita, akamwita daktari.
Sindano ya homa ya manjano, alisema daktari,
kwa umri wako tunaipima kwanza faida yake.
Safari hii ni ya lazima?
Nikatafuta jibu. Hija? Nimeshakwenda.
Matibabu? Alhamdulillahi.
Nataka, nikasema,
na neno likatoka kama jino, na damu kidogo.

Nimesoma usiku, mjukuu amelala na simu yake:
huko msikiti na sinagogi vimepakana
kama majirani wanaoazimana sufuria.
Huko kuna waliotoka Java, waliotoka Bihari,
na waliokokotwa kwa minyororo kutoka pwani ya magharibi,
wakatoroka, wakaingia msituni, wakaanza upya hata majina.
Na wapo wenyewe wa msitu, waliokuwapo kabla ya maswali.
Wengine wote, kila mtu ana kule kwake.

Hapa Al-Khuwair nikifungua mdomo,
'ain ikiniteleza kidogo tu, muuza ndimu anatabasamu:
Zinjibari?
Na Darajani nikishuka na abaya yangu
nyanya zinapanda bei. Mmanga huyo.
Nikafikiri, nchi ya watu waliofika wote kwa maji,
nani atakuwa na uso wa kuniuliza?

Wataniuliza. Najua. Watu ni watu.
Lakini nitajibu kwa lugha nisiyoijua
na uwongo wangu utakuwa mzuri.

Jana nimepima begi. Kilo tisa.
Nikalipima tena, nikahisi mzani umeharibika.
Ruhusa ni ishirini na tatu, na humu hamna amana ya mtu:
nguo zangu, kofia ya jua, mswaki, dawa ya mbu.
Mkono haukukubali. Ukaenda wenyewe kabatini
ukaleta bati la halwa ya Barka, ya zafarani, ile ya wageni.
Nikabandika karatasi juu yake kama ada.
Nikaandika *Kwa*
na kalamu ikasimama.

Thuwaiba kapiga tena asubuhi. Kauliza ya nani.
Nikamwambia nitamtafuta mwenyewe hukohuko.
Nisipompata, kuna mto, wamepiga picha,
maji yake yameiva kama chai ya rangi.
Nitakaa ukingoni, nifungue bati,
niile kwa kijiko, pole pole,
mpaka nione chini.